NYUMBA YENYE UFA IUZWE PAMOJA NA UFA WAKE

Twataka kutoa maoni juu ya jambo lililoleta mabishano mengi kati ya wanachama wa hapa Morogoro. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyeharibiwa nyumba na mkandarasi, naye hana fedha ya kuitengeneza, aiuzeje nyumba ile? Wako waliotushauri kwamba ufa hufunikwa kwa lipu na rangi, nyumba ikauzwa wakati wa kiangazi, na mnunuzi ana macho yake. Sisi twasema sivyo. Na kwa kuwa msiba huu umetupata sisi wenyewe katika nyumba ya marehemu baba yetu, hatusemi kwa kusikia tu.

Baba yetu alikuwa karani kama sisi. Alipostaafu mwaka 1996 alichukua kiinua mgongo chake akajenga nyumba ya vyumba vinne na ukumbi upande wa Bigwa, chini ya mlima, kwa matofali ya kuchoma na bati. Hakuwa fundi, walakini alikuwa mzaliwa wa Uluguru, akijua namna maji ya mlimani yapitavyo. Kabla ya kuweka msingi alichimba mtaro upande wa juu wa kiwanja, ukazunguka nyumba yote na kuyapeleka maji korongoni. Kila mwaka kabla ya masika alikuwa akiufukua kwa jembe lake mwenyewe, hata alipokuwa mzee. Sisi watoto tulimcheka, tukaona kazi ile ni mazoea tu ya mtu asiyeweza kukaa bure. Nyumba ilipitiwa na mvua nyingi, pamoja na zile mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilizoharibu barabara na madaraja katika nchi nzima, wala haikupata ufa hata mmoja.

Baba alifariki mwaka 2017, mama akabaki katika nyumba. Mwaka 2023 tulikata shauri kuongeza vyumba viwili upande wa bondeni, ili mama apate kodi kidogo ya kumsaidia. Tukapata mkandarasi aliyesifiwa na watu. Alituonyesha picha za nyumba alizosema amezijenga, na karatasi yenye mhuri ambayo hatukuisoma vizuri. Tulipatana shilingi 9,000,000. Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari la shule, wenye jina lake, jumla ya fedha, na sahihi mbili. Hatukwenda Manispaa kuomba kibali cha ujenzi, maana tuliambiwa kwamba kazi ndogo kama ile haihitaji, nasi tukaamini kwa kuwa tulipenda kuamini. Kuta mpya zilipokuwa bado hazijafika kwenye linta, tulikuwa tumekwisha mlipa shilingi 6,500,000, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa mkopo unaokatwa katika mshahara.

Basi mtu yule alifanya mambo mawili. La kwanza, ili apate mahali pa usawa pa kujengea, aliukata mteremko chini ya nyumba kwa kimo cha mtu, hatua moja tu kutoka msingi wa zamani, wala hakujenga ukuta wa kuuzuia udongo. La pili, aliufukia mtaro wa baba kwa udongo alioutoa huko, kwa sababu ulimzuilia njia ya mkokoteni. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makali katika nchi nzima. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili pembe ya nyumba ilizama, na ukuta wa nyuma ukapasuka toka linta hata msingi, ufa ambao mkono wa mtoto wapita. Jamvi la chumba cha mama likainama kama sinia lililoshikwa upande mmoja. Mama alitoka salama, kwa rehema za Mungu, akalala kwa jirani. Mkandarasi alikuja mara moja, akatazama, akasema kwamba mvua ni kazi ya Mungu, akaenda zake. Tangu siku ile simu yake haikupatikana tena.

Neno lake hilo lataka jibu, maana tumelisikia likisemwa na watu wengi kila nyumba inapoanguka. Ni kweli kwamba mvua ni ya Mungu, lakini jembe lililoukata mlima lilishikwa na mwanadamu. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa chache, na siku hiyo moja milima ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu waliokwenda kupima waliona kwamba karibu maporomoko yote yalitokea penye mashamba na majani, na machache mno penye msitu. Mvua ilikuwa moja, mlima ulikuwa mmoja, ila pale palipofunikwa na miti udongo ulishikwa, na pale palipoachwa wazi ulikwenda. Tena tarehe 3 Desemba 2023 tope lililotoka mlima Hanang liliingia mji wa Katesh likaua watu zaidi ya 80. Mtu akaaye chini ya mlima hana ruhusa ya kusema hakujua.

Na sisi wa Uluguru tuna ushahidi wa namna nyingine. Katika miaka ya 1950 Serikali ya wakati ule iliwalazimisha wakulima wa milimani kukata matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Nia haikuwa mbaya, na huko Mgeta, ambako watu hulima mboga kwa maji ya mifereji, matuta ya namna hiyo yalifaa. Lakini mahali pengi udongo mzuri ni mwembamba, na kukata ngazi kulitoa juu udongo usiozaa kitu. Watu walinung’unika, hawakusikilizwa, na mwezi wa Julai 1955 ghasia ilitokea Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango wote ukaachwa. Wazee wetu walikuwa wamesema toka mwanzo kwamba mlima haukatwi kwa amri, hukatwa kwa kuutazama kwanza. Baba aliutazama. Mkandarasi hakuutazama, na sisi wenye shule hatukumwuliza.

Tumetaja makosa yetu wenyewe kwa makusudi, ndugu wanachama, kwa sababu twaona kwamba aibu ndiyo mzizi wa udanganyifu wote unaofuata. Mtu aliyedanganywa na mkandarasi huona haya kusema, hasa akiwa karani, mtu wa kalamu, anayedhaniwa kuwa hadanganyiki. Hapo ndipo aanzapo kutafuta lipu. Lakini mbona mambo haya yamewapata wakubwa kuliko sisi? Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, wakati ule ule ilipokuwa ikitengenezwa, na watu wawili wakafa. Katika Dar es Salaam jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Ikiwa majengo ya namna hiyo, yenye wahandisi na fedha nyingi, yaweza kuanguka, karani wa Morogoro asione haya kusema kwamba nyumba ya baba yake imepata ufa. Wahenga walikwisha sema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuzitazame hoja za wale wanaotaka ufa ufichwe. Tumezisikia ofisini, tumezisikia barazani, na nyingine tumezisikia nyumbani mwetu.

Hoja ya kwanza ni kwamba mnunuzi ana macho. Twajibu kwamba macho ya mnunuzi huona lipu, hayaoni nyuma ya lipu. Kama kweli tunayategemea macho yake, mbona twayafunika? Anayesema mnunuzi atazame mwenyewe, aache ukuta kama ulivyo na mlango wazi. Akishika mwiko na ndoo ya rangi amekwisha kiri kwamba hataki macho yale yaone.

Hoja ya pili ni ya wale walio hodari wa sheria. Wasema kwamba muuzaji hana lazima ya kueleza kila kasoro, na kwamba kunyamaza si kosa. Hawa wana sehemu ya kweli. Sheria yetu ya Mikataba haisemi kwamba kila kimya ni hadaa. Lakini sheria hiyo hiyo yahesabu kuwa hadaa kitendo cha kuficha kwa makusudi jambo ambalo muuzaji alijua, na mkataba uliopatikana kwa hadaa mnunuzi aweza kuuvunja. Tofauti kati ya kunyamaza na kuficha ni lipu ile ile. Tena mtu akiulizwa, “Nyumba hii ina kasoro gani?” naye akajibu, “Haina,” hapo hakunyamaza, amesema uongo. Na ni mnunuzi gani asiyeuliza swali hilo?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, wala hatutaki kuipita kwa haraka. Yasema hivi: “Ninyi mmeibiwa. Mkandarasi amekula fedha yenu na kuvunja nyumba yenu. Mkiuza kwa kusema kweli, hasara yote yawaangukia ninyi peke yenu, na ninyi hamkukosa. Kwa nini mama yenu mjane abebe mzigo ambao mgeni mwenye fedha aweza kuubeba?” Maneno haya tuliambiwa na ndugu yetu mmoja, mtu mwema, naye aliyasema huku akitazama jamvi lililoinama katika chumba cha mama. Tuliondoka mahali pale bila jibu, tukakaa siku nyingi bila jibu.

Jibu lilikuja pamoja na mnunuzi wa kwanza. Alikuwa mwalimu mstaafu, mgeni katika mtaa, naye alikuwa amechukua kiinua mgongo chake chote akitafuta mahali pa kuzeekea na mkewe. Alitazama nyumba toka mbele, akaupenda mwembe, akatuambia kwamba atatoa shilingi 42,000,000. Akatueleza kwamba chumba cha nyuma kitamfaa kulala, kwa kuwa kina hewa ya mlimani. Tukamtazama tukamwona baba. Tukafahamu kwamba hasara haikosi mwenyewe. Kama hatuibebi sisi ataibeba yeye, na yeye hakumleta mkandarasi wala hakufukia mtaro. Mkandarasi alitufanyia sisi kwa sababu hatukumjua. Kama tungemfanyia mwalimu yule vivyo hivyo, tungekuwa tumejifunza kazi ya mkandarasi. Tukamchukua nyuma, tukamwonyesha ufa. Aliingiza vidole vyake, akanyamaza, akatushukuru, akaenda zake. Hakurudi.

Wako waliotucheka, na wengine walitukasirikia. Tulishauriwa tena kwamba, ikiwa hatutaki kuuza kwa kuficha, basi tupangishe vyumba vya mbele kwa wanafunzi, ambao hawatazami kuta bali hutazama kodi. Hili twaliona baya kuliko la kwanza. Anayeuza nyumba mbovu huhatarisha fedha ya mtu, lakini anayeipangisha huhatarisha maisha ya mtu na kumtoza fedha juu yake. Nyumba ambayo mama yetu hakuweza kulala ndani yake, mtoto wa mtu mwingine atalalaje? Tulifunga vyumba vya nyuma kwa mbao, tukaubomoa ukuta uliokuwa ukining’inia, tukaufukua mtaro wa baba. Kazi hiyo ya mtaro ilituchukua siku mbili.

Jambo la pili linalohitaji maoni ni hili: nani mwenye haki ya kuuza? Wengine huanza na dalali, na hilo ni kuanza mkiani. Katika Uluguru, kama wasomaji wengi wajuavyo, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya mlimani ni ya ukoo. Mtu huilima na kuirithisha ndani ya ukoo, lakini hawezi kuichukua sokoni kama mbuzi wake. Kiwanja cha mjini kilichopimwa kina sheria nyingine. Walakini fikira za watu hazibadiliki kwa sababu tu barua ya Manispaa imeandikwa. Baba alipofariki, wapwa zake, watoto wa dada yake, walikuja wakauliza juu ya nyumba, wala hatukuwaona kuwa wachokozi, maana kwa desturi walikuwa na njia ya kuuliza.

Twawashauri wanachama wasikimbie maswali ya namna hiyo, kwa sababu ugomvi wa mirathi ukilala leo huamka siku ya kuuza, mnunuzi akiwa amekwisha toa fedha. Sisi tulikaa kikao pamoja na wajomba na wapwa wa baba, tukaandika yaliyopatanwa, tukaenda Mahakama ya Mwanzo kumwomba msimamizi wa mirathi, na baada ya hapo ndipo msimamizi akawa na mamlaka ya kutia sahihi. Kwa walio hai pia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Mume anayemwambia mnunuzi, “Mke wangu hana neno,” na mke mwenyewe hayupo, anauza kesi.

Jambo la tatu ni bei. Hapa makarani tusione haya kufanya hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Tulimlipa mhandisi mmoja aje atazame na kuandika taarifa. Alisema kwamba nyumba ingekuwa nzima, kwa bei za mtaa, ingefika shilingi 45,000,000. Kuijenga upya pembe iliyozama, kuweka ukuta wa mawe wa kuzuia udongo na kutengeneza jamvi, alikadiria shilingi 18,000,000. Toa 18 katika 45, zabaki 27. Tena mnunuzi ana haki ya kupunguziwa kidogo kwa ajili ya taabu na hofu yake. Hiyo ndiyo bei ya nyumba yenye ufa, wala haipatikani kwa kulia au kwa kujisifu. Muuzaji asiye na hesabu ya namna hii hupatwa na mojawapo ya mambo mawili: ama ataficha ili apate bei ya nyumba nzima, au ataogopa na kuitupa kwa bei ya kiwanja kitupu kwa dalali wa kwanza ajaye.

Baada ya miezi saba alikuja mtu ambaye kazi yake ni kununua nyumba za namna hii na kuzitengeneza. Alisoma taarifa ya mhandisi, akaingia chini ya msingi kwa tochi, akatoa shilingi 25,000,000, tukakubali. Mbele ya wakili tuliandika katika mkataba kila kasoro tuliyoijua: pembe iliyozama, ufa na urefu wake, jamvi, mteremko uliokatwa, na mtaro. Mnunuzi akatia sahihi kwamba ameyaona. Karatasi ile yamlinda yeye, nayo yatulinda sisi, maana hawezi kuja mwaka wa kesho akasema hatukumwambia. Yatupasa kuongeza hapa kwamba kabla ya kuandikiana muuzaji aulize Mamlaka ya Mapato habari za kodi ya mauzo, asije akaipata habari hiyo wakati fedha imekwisha gawanywa.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba ukweli ulitulipa. Kutoka 42 hata 25 ni shilingi 17,000,000, na kwa karani hiyo si fedha ndogo. Mkopo tuliochukua kwa ajili ya vyumba ambavyo havikuisha tungali twakatwa kila mwezi. Ziko siku twaihesabu tofauti ile usiku, na kumkumbuka mwalimu yule akiingiza vidole ufani, tukasema, “Laiti tungenyamaza.” Lakini kukipambazuka twapita Bigwa mbele ya nyumba ile bila kuinamisha kichwa, nasi twaweza kusalimiana na mwenyewe mpya.

Na mama? Hapa twaona jambo la kufikiri. Nyumba iliyoandikwa jina la baba, yenye barua na namba ya kiwanja, ndiyo iliyopotea. Ardhi ya ukoo wake huko Matombo, isiyouzika wala kuwekwa rehani, ndiyo iliyompokea. Mjomba wetu alimwonyesha mahali penye migomba, na kwa sehemu ya fedha ya mauzo tulimjengea vyumba viwili na jiko. Vijana wa leo huisema vibaya ardhi ya ukoo kwa kuwa haileti mkopo benki. Sisi pia tulikuwa tukisema hivyo. Sasa twaona kwamba ni vema mtu awe na kitu kimoja duniani ambacho siku ya shida hawezi kukiuza. Jambo la kwanza alilolitaka mama kabla ya kuta kusimama ni mtaro wa maji upande wa juu.

Yabaki habari ya mkandarasi. Wengi hutuambia tumwachie Mungu. Sisi hatuoni kwamba Mungu anahitaji kuachiwa kazi ambayo Mahakama yaweza kuifanya. Madai ya mkataba yana muda wa miaka sita katika sheria yetu ya ukomo wa madai, basi aliyedhulumiwa asikae mpaka muda upite. Tumemshtaki, na tumeona kwa uchungu namna ukurasa mmoja wa daftari unavyokuwa mwepesi mbele ya hakimu. Haukuonyesha kazi gani ifanywe, kwa vipimo gani, kwa muda gani, wala nani atalipa kikiharibika kitu. Twajua kuandika barua za ofisi zenye namba ya jalada na nakala tatu kwa ajili ya kuomba wino, lakini kwa fedha ya miaka thelathini ya utumishi wa baba tuliandika mistari mitano. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twatoa mashauri yetu kwa Chama. Kwanza, Chama kitengeneze mkataba wa mfano wa ujenzi, kwa Kiswahili chepesi, upigwe katika mashine yetu ya nakala na kugawiwa kwa kila mwanachama anayekaribia kustaafu. Uonyeshe kazi, vipimo, vifaa, muda, na malipo kwa hatua: msingi ukiisha, sehemu yake; kuta zikifika kwenye linta, sehemu yake; paa likiisha, sehemu yake; na fungu moja lizuiwe mpaka nyumba ipitiwe na masika mamoja. Pili, kabla ya kumpa mtu kazi, mwanachama aulize jina lake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, maana sheria hiyo yamkataza mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya ukandarasi. Na ikiwa kazi ni ndogo, naye amtaka fundi wa mtaa tu, aende akaione kwa macho yake nyumba aliyoijenga fundi huyo ambayo imekwisha pitiwa na mvua. Picha hazivuji. Tatu, kibali cha Manispaa kisidharauliwe. Sisi tulikiona kuwa ni gharama na usumbufu. Lakini mkaguzi mmoja aliyesimama katika mteremko ule kwa robo saa angetuokolea nyumba.

Nne, na hili twaliona kubwa kuliko yote, tuambiane. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, walijua kwamba karani mmoja mmoja ni mnyonge, na kwamba wakikutana kila mmoja hupata maarifa ya wote. Sisi tuliorithi desturi hiyo twakutana, twakunywa chai, twazungumza juu ya vyeo na uhamisho, na kila mmoja yu na ufa wake nyumbani ambao hausemi. Baada ya msiba wetu kujulikana, wanachama watatu walitujia kwa siri, mmoja mmoja, wakatuambia kwamba yule mkandarasi aliwala wao pia. Watatu, ndugu zetu, katika ofisi zisizozidi mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu! Kama mmoja wao angesema mapema, mama yetu angekuwa na nyumba. Hatuwalaumu, maana nasi tungenyamaza kama ukuta ungesimama. Lakini kimya chao na lipu ya mwenye kuuza ni jamaa moja.

Basi, twamaliza kwa kusema kwamba kuuza nyumba ya wazee si laana, na nyumba kupata ufa si fedheha. Anayelazimika kuuza auze mchana, mbele ya ndugu na wajomba, kwa hesabu iliyoandikwa, na ufa ukiwa wazi. Tena masika yakaribia. Kila mwanachama mwenye nyumba chini ya mlima na atoke leo jioni akautazame mtaro wake.

Sisi wenzenu katika utumishi,
MWANACHAMA, Morogoro.